Bodi ya mashine ya vifaranga inajizima ikituma SMS: kosa ni mpangilio wa vifaa au ni njia za shaba?

#1 Igoma_Vifaranga
Wakuu salaam. Nina mashine ya kutotolesha vifaranga niliyoiunda mwenyewe huku Mwanza. Kwenye bredibodi (ubao wa kuchomekea vifaa vya majaribio bila kulehemu) kila kitu kilikuwa safi: chipu ya ATmega328P, ubongo wa mashine, inasoma joto, likishuka chini ya 37.5 inawasha balbu mbili za 100 W kupitia rilei, na joto likigoma kupanda inanitumia SMS kwa SIM800L, moduli ya simu. Nikaona niachane na nyaya za kuning'inia, nichore PCB, bodi yenye njia za shaba.

Nimechora kwenye programu ya EasyEDA, leya mbili za shaba, mm 100 kwa 100. Vifaa nimevipanga nikifuata skematiki, nikabonyeza otorauta (programu inajichorea njia yenyewe), ikamaliza asilimia 100 bila kosa hata moja. Bodi zimekuja zinang'aa. Sasa shida ni mbili. Ikianza kutuma SMS, moduli inazima na kuwaka upya, ile taa yake inarudi kupepesa harakaharaka badala ya kila sekunde 3. Pili, rilei ikiachia, LCD inajaa herufi zisizosomeka mpaka nizime mashine.

Umeme ni adapta ya 12 V 2 A. LM2596 inashusha hadi 4.1 V ya SIM800L, AMS1117 inatoa 5 V ya ATmega na LCD. Rilei ni ya 12 V, daiodi 1N4007 ipo.

Hili ni kosa la mpangilio au la njia? Na ninyi mkichora mnaanza na kipi? Jamaa yangu anasema otorauta ndiyo mchawi.

#2 Ngosha_uC
Jamaa yako kasema kweli. Otorauta ni dalali tu, anakufikisha kwenye nyumba, hajali kama choo kiko nje. Futa njia zote, chora kwa mkono. Uzi ufungwe.

#3 KoiliMbili
Ngosha, punguza munkari. Otorauta imeunganisha ilichoambiwa iunganishe. Shida imeanza kabla hajabonyeza, na kaiandika mwenyewe: "vifaa nimevipanga nikifuata skematiki".

Skematiki inakwambia nani kaunganishwa na nani. Haikwambii nani akae ubavuni mwa nani. Kapasita za 100 nF watu wengi huzichora zimejipanga mstari pembeni mwa karatasi ili mchoro uwe msafi, halafu kwenye bodi zinabaki huko huko pembeni wakati zilitakiwa ziwe zinagusana na pini za VCC na GND (umeme na graundi) za IC, yaani chipu. Ukishaziweka huko hata mchoraji wa mkono hawezi kukuokoa.

Weka picha.

#4 Igoma_Vifaranga
Picha inagoma kupanda, nitaeleza. LM2596 iko kona ya juu kushoto, adapta inapoingilia. SIM800L kona ya chini kulia ili antena itokee nje ya boksi. ATmega katikati. Rilei juu kulia, karibu na terminali za balbu. Kapasita ya 1000 µF ipo, kushoto pale kwa LM2596. Njia zote ni 0.254 mm, ndivyo zilivyokuja. Ya 4.1 V kutoka kwa LM2596 mpaka kwa moduli programu inasema ni mm 90.

#5 Bi_Ohm
Ngoja tupige hesabu kabla ya kumsaka mchawi.

Shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa mikroni 35. Kila mraba wake, uwe mdogo au mkubwa, una ukinzani wa kama miliomu 0.5. Njia ya mm 90 yenye upana wa 0.254 ni miraba 354 imepangwa mstari. Zidisha: 0.18 Ω hivi. SIM800L ikirusha inavuta mpaka 2 A. Unapoteza 0.35 V njiani.

Na mkondo hauishii kwenye moduli, lazima urudi. Igoma, GND umemwaga shaba upande mzima, au otorauta imeichora kama njia nyingine tu?

#6 Igoma_Vifaranga
Imeichora kama njia nyingine, dada. Tena inazunguka, inapita chini ya ATmega ndiyo irudi kushoto.

#7 Bi_Ohm
Basi hesabu mara mbili, na hapo nimekuhurumia kwa mzunguko. 0.7 V zimeondoka kwenye 4.1, moduli inabaki na 3.4. Moduli hiyo inataka kati ya 3.4 na 4.4. Uko ukingoni kabisa, kitu kidogo tu kinakuangusha.

Halafu ona kilichojificha humo: GND ya ATmega iko katikati ya njia hiyo hiyo ya kurudi. Kila moduli inaporusha, graundi ya ATmega inanyanyuka nayo.

#8 Luthuli_Solder
Habari zenu kutoka Nairobi. Naongezea kwa Bi Ohm: jedwali la IPC-2221, kiwango cha wachora bodi, linataka karibu 0.8 mm kwa 2 A upande wa nje wa bodi, joto likipanda nyuzi 10. Huyu ana 0.254. Hiyo njia itaungua tu siku moja, ni suala la muda.

#9 Bi_Ohm
Luthuli, hapo sikubaliani. Jedwali hilo ni la joto, na joto halimsumbui huyu. GSM, mtandao wa simu wa moduli hiyo, hairushi mfululizo: inarusha mikrosekunde 577 kisha inanyamaza, kila milisekunde 4.6, yaani sehemu moja kati ya nane. Kwa upande wa joto, ambalo hufuata mraba wa mkondo, ni kama 0.7 A tu. Njia haitaungua. Lakini voltage haingoji wastani, inaanguka ndani ya hizo mikrosekunde 577, na moduli inazima hapo hapo. Mtu anaweza kufuata jedwali la joto vizuri kabisa na bodi yake bado isifanye kazi.

Tena usitegemee testa kuliona hilo anguko. Testa itakuonyesha 4.0 na utaapa kwamba umeme ni mzuri. Hapo ni osiloskopu, kifaa kinachochora voltage inavyobadilika.

#10 Luthuli_Solder
Sawa, nimekubali kwa hii ya GSM. Ila kwa hita ya DC ningeshikilia jedwali langu 😂

#11 Ngosha_uC
Mnamzungusha bure kijana. Amesema 1000 µF iko kushoto. Aihamishie kwenye miguu ya moduli, habari imekwisha. Datashiti yenyewe, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, inasema kapasita ikae karibu na VBAT, pini ya umeme ya moduli.

#12 Bi_Ohm
Kuihamisha ahamishe, siyo mbaya. Lakini piga hesabu, Ngosha. Mkondo wa 2 A kwa milisekunde 0.577 ukitoka kwenye kapasita ya 1000 µF peke yake, voltage yake inashuka 1.15 V. Ina maana kapasita haimbebi, inamsaidia tu, mzigo bado unatakiwa ufike kutoka kwa LM2596. Na njia ikibaki nyembamba kiasi kile, hata na kapasita mlangoni utapata anguko la zaidi ya nusu volti kila mpigo.

#13 Ngosha_uC
Mimi nina bodi zinafanya kazi huko mashambani na hiyo 1000 µF peke yake. Karatasi yako na shamba langu nani mkweli?

#14 Bi_Ohm
Njia zako zina upana gani?

#15 Ngosha_uC
mm 2 😅 lakini hoja yangu iko palepale.

#16 Mzee_Transista
Wanangu, mmeng'ang'ania SMS, shida ya pili mmeiacha njiani. Nimetengeneza redio na televisheni tangu enzi za bodi za leya moja, na nawaambieni hiyo LCD haihusiani na upana wa njia. Rilei inapoachia balbu za 230 V, kati ya visahani vyake inaruka cheche. Cheche hiyo ni kituo cha redio kidogo. Nyaya za LCD zinapita wapi? Nina hakika zinapita karibu na rilei.

#17 Igoma_Vifaranga
Shikamoo mzee. Ni kweli, LCD iko juu katikati, na njia mbili za data zinapita kati ya rilei na terminali ya balbu.

#18 Mzee_Transista
Marahaba. Umeona sasa. Weka rezista ya 100 Ω na kapasita ya 100 nF mfululizo, sambamba na visahani vya rilei. Kapasita iwe ile ya X2 iliyoandikwa voltage ya AC, siyo hizi za kawaida za kuokota kwenye mabaki ya televisheni.

#19 KoiliMbili
Mzee, naheshimu, ila mimi namshuku zaidi mkondo wa koili ya rilei. 1N4007 umeiweka wapi, Igoma? Kama iko mbali na rilei, transista ikizima mkondo unahama ghafla na kuzunguka bodi nzima kuifuata.

#20 Bi_Ohm
Rilei ndogo ya 12 V ya aina hiyo koili yake ni 400 Ω, mkondo 30 mA. Njia ya shaba ina kama nanohenri 1 kwa kila mm. Hata mkondo ukihama ndani ya nanosekunde 100 kwenye njia ya mm 100, unapata milivolti 30. Herufi za LCD haziharibiki kwa milivolti 30. Hapa niko na mzee.

#21 KoiliMbili
Umechukua nanosekunde 100 kutoka wapi? Weka 10 uone hesabu inakwenda wapi.

#22 Bi_Ohm
Inakwenda 300. Haya, sina osiloskopu kwenye bodi yake. Atoe balbu, rilei ipige ikiwa tupu. LCD ikitulia ni cheche, ikiendelea ni koili.

#23 Pwani_RF
Nimechelewa, Mombasa hapa. Hamjaitaja antena hata mara moja. SIM800L kwenye 900 MHz inaweza kurusha mpaka 2 W. Antena iko chini kulia, waya wa sensa ya joto unatokea upande gani? Waya wowote mrefu ulio karibu unaokota hiyo nguvu na kuiingiza kwenye ATmega, ikipita kwenye pini ya riseti ndiyo kabisa. Mtu anaona kifaa kimejizima wakati anatuma SMS, anasingizia umeme. Ni umeme mara nyingi, siyo mara zote.

Kipimo ni rahisi: chukua antena yenye kebo, ipeleke mita moja mbali, tuma SMS. Ikitulia, rafiki yako ni mimi, siyo Bi Ohm.

#24 Igoma_Vifaranga
Waya wa sensa unatokea chini kulia pia, jirani na antena. Nilipenda nyaya zote zitokee upande mmoja ipendeze.

#25 Pwani_RF
Unaona basi.

#26 Chipu_Feki
Kuna jambo mnalikwepa. Hizo LM2596 za mtaani nyingi si halisi. Halisi inapiga 150 kHz. Nimeshazipima zinazopiga kama 50 kHz, koili inajaa sumaku, zinapata moto kwenye ampea moja tu. Unaweza kupanga bodi kama malaika na bado ikakuangusha.

#27 Ngosha_uC
Jina lako na hoja yako vinaendana mkuu 😂

#28 Chipu_Feki
Cheka tu. Kijana aishike IC kwa kidole SMS zikienda mfululizo.

#29 KoiliMbili
Feki zipo, nakubali. Ila ilikuwa inafanya kazi kwenye bredibodi. Igoma, LM2596 ya bredibodi na ya kwenye PCB ni ile ile?

#30 Igoma_Vifaranga
Hapana. Kwenye bredibodi nilitumia ile moduli ndogo iliyokamilika, nikaiunganisha kwa SIM800L kwa waya mnene mfupi. Kwenye PCB nimenunua IC, koili, daiodi na kapasita moja moja nikachora mwenyewe.

#31 KoiliMbili
Kumbe! Hiyo ungeitaja mwanzo. Basi hebu niambie kapasita ya kuingilia na daiodi ziko umbali gani na IC.

Nieleze kwa nini nauliza. LM2596 ni swichi inayofunga na kufungua mara 150,000 kwa sekunde. Ikiwa imefunga, mkondo unatoka kwenye kapasita ya kuingilia, unaingia pini 1, unatoka pini 2 kwenda kwenye koili. Ikifungua, koili haikubali mkondo ukatike, inauvuta kupitia daiodi kutoka graundi. Kwa hiyo kwenye koili mkondo unapanda na kushuka polepole, lakini kwenye kapasita ya kuingilia na kwenye daiodi unawaka na kuzima ghafla. Hicho kiduara cha kapasita, pini 1, pini 2, daiodi na kurudi graundi ndicho cha kwanza kukichora kwenye bodi nzima. Mimi naviweka vinne hivyo vimebanana mpaka kalamu ya kulehemu ipite kwa shida, kabla sijagusa kitu kingine. Koili inaweza kukaa kando kidogo, haina neno.

Na pini 4, ile inayopima voltage ya kutoka, njia yake ichukuliwe kwenye kapasita ya kutokea, isipite chini ya koili. Ikipita hapo inapima kelele, na IC inarekebisha kelele.

#32 Igoma_Vifaranga
Daiodi iko upande wa pili wa koili. Kama mm 35. Pini 4 njia yake inapita... chini ya koili.

#33 Ngosha_uC
Mchawi amepatikana, ni yule yule wa post #2. Mkono usingechora hivyo.

#34 KoiliMbili
Mkono ungefika wapi na daiodi imekaa mm 35? Nimekwambia ni mpangilio.

#35 Luthuli_Solder
Kuhusu swali lake la kuanza na kipi. Mimi huanza na boksi. Matundu ya skrubu, soketi ya adapta, LCD, terminali: hivyo haviamuliwi na umeme, vinaamuliwa na mlango wa boksi, kwa hiyo naviweka na kuvifunga visisogee. Halafu sehemu ya umeme kama alivyosema KoiliMbili. Halafu mikrokontrola, kristali yake ya 16 MHz na zile 22 pF mbili zikiwa mdomoni kabisa, na 100 nF zake. Vilivyobaki navizungusha tu mpaka zile nyuzi nyembamba za kuonyesha miunganiko zipungue kukatana. Nikimaliza hapo njia zenyewe ni kazi ya jioni moja. Zikinikatalia sizilazimishi kwa via (tundu la kuvushia njia leya ya pili), narudi kusogeza vifaa.

Pia tenganisha graundi ya dijitali na ya umeme, ziunganishe sehemu moja tu karibu na adapta.

#36 Bi_Ohm
Ulikuwa unakwenda vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Usimtenganishie graundi mtu anayeanza. Mkondo wa mawimbi ya haraka hupenda kurudi chini kabisa ya njia uliyotokea. Ukikata shaba ya graundi, kisha njia ya data ikavuka huo mpasuko, mkondo unalazimika kuzunguka mpaka kwenye kile kiungo kimoja, na hapo umetengeneza antena kwa mikono yako. Mwaga shaba moja upande wote wa chini, usiikate, kisha watenganishe wenye kelele na wenye utulivu kwa kuwaweka mbalimbali.

#37 Luthuli_Solder
Datashiti za ADC (chipu za kugeuza analogi kuwa dijitali) kibao zina AGND na DGND, graundi ya analogi na ya dijitali. Waliziandika kwa kujifurahisha?

#38 Bi_Ohm
Hayo ni majina ya pini, yanaeleza ndani ya IC kuna nini. Hayasemi ukate bodi.

#39 Pwani_RF
Henry Ott, mwandishi wa vitabu vya kudhibiti kelele za umeme, alikuwa anasema hivyo hivyo, shaba moja, gawa kwa mpangilio. Lakini na mimi nimeona mizani yenye HX711 (chipu ya kusomea uzito) iliyotulia baada ya graundi kukatwa, kwa sababu mkondo wa mota ulikuwa unapita chini yake. Kwa DC mkondo haufuati njia ya data, unasambaa popote penye shaba.

#40 Luthuli_Solder
Asante! Hiyo ndiyo hoja yangu.

#41 Bi_Ohm
Kama mota ilipita chini ya HX711, mota ilikaa pabaya.

#42 Mwanafunzi_3
Samahani kuingilia. Sisi chuoni tunachapa kwa leza kwenye karatasi ya jarida, tunapiga pasi, tunaosha kwa feriki kloraidi. Leya moja. Haya ya shaba upande wote wa chini tutayafanyaje?

#43 Mzee_Transista
Kijana, tulifanya hivyo hivyo miaka yote. Leya moja jaza shaba yote iliyobaki iwe graundi, njia zinazokatana vusha kwa vipande vya miguu ya rezista upande wa juu. Usishuke chini ya 0.5 mm, pasi haitakupa. Na shaba ikibaki nyingi, hata dawa ya kuoshea inatumika kidogo.

#44 Mwanafunzi_3
Asante mzee. Na pembe za nyuzi 90 nasikia ni mwiko, mkondo unagonga kona na kurudi nyuma?

#45 Pwani_RF
Kwenye gigahezi kadhaa tunaweza kuzungumza. Kwenye ATmega ya 16 MHz piga kona utakavyo. Tunatumia 45 kwa sababu njia zinakuwa fupi na bodi inapendeza.

#46 Kadi_Mpya
Igoma hama huko, njoo KiCad, programu nyingine ya kuchorea bodi. Ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, bure, hakuna kikomo cha ukubwa.

#47 Luthuli_Solder
KiCad siyo ya CERN kwa asili. Aliianzisha Mfaransa, Jean-Pierre Charras, mwaka 1992. CERN wakaja kuchangia miaka mingi baadaye, ndiyo ikapata ule uchoraji wa kusukuma njia nyingine pembeni unapopita.

#48 Kadi_Mpya
Nimesahihishwa. Bado ni bure 😄 Na wale wa programu ya EAGLE mnaosubiri, wenye nayo Autodesk walishatangaza mwisho wake ni Juni 2026.

#49 Ngosha_uC
KiCad haina hata otorauta ndani yake. Wenye akili hao.

#50 Igoma_Vifaranga
Wakuu, nimejaribu mliyosema kwenye bodi hii hii kabla ya kuchora nyingine. Nimelehemu waya mnene wa 4.1 V moja kwa moja kutoka LM2596 hadi moduli, na mwingine wa GND kando yake. 1000 µF nimeihamishia kwa moduli. SMS zinakwenda, haizimi tena.

Nikatoa balbu kama alivyosema Bi Ohm. Rilei ikipiga tupu LCD iko sawa. Nikirudisha balbu inaharibika, lakini siyo kila mara. LM2596 bado inachemka, kidole hakikai.

#51 Bi_Ohm
Safi. Njia ilikuwa nyembamba.

#52 Ngosha_uC
Kapasita imehamishwa, shida imeisha. Nilisema.

#53 Mzee_Transista
Cheche.

#54 Chipu_Feki
Kidole hakikai. Kidole hakikai! Haya cheka sasa Ngosha.

#55 KoiliMbili
Inachemka kwa sababu daiodi iko mm 35. Kila ikifungua na kufunga kuna mpigo wa voltage unaopotelea kwenye IC.

#56 Chipu_Feki
Au ni feki.

#57 Pwani_RF
Igoma, umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, waya wa 4.1, waya wa GND na kapasita, ndiyo maana kila mtu anajipongeza. Na huo waya wako wa GND umepita mbali na waya wa sensa, siyo? Kwa hiyo hata mimi sijatoka kwenye orodha.

#58 Igoma_Vifaranga
😂😂 Wakuu mtaniua. Sijui hata nimshukuru nani. Nimeanza bodi mpya. LM2596, kapasita na daiodi nimezibananisha. Moduli nimeileta juu kushoto jirani na LM2596, njia mm 15 kwa upana wa mm 3, antena itatoka kwa kebo. Sensa imehamia chini kushoto. LCD imeshuka chini, mbali na rilei. Shaba ya graundi upande wote wa chini, sijaikata.

#59 Bi_Ohm
"Upande wote" umesema? Ondoa shaba kabisa eneo la 230 V, juu na chini. Njia za balbu na kila kitu cha upande wa volti ndogo viachane. Mimi sishuki chini ya mm 6, na nikipata 8 nalala usingizi. Kata mpasuko kwenye bodi yenyewe kati ya miguu ya koili na miguu ya visahani vya rilei, mtengenezaji wa bodi anaukata kama sehemu ya umbo. Mle ndani kuna unyevu wa kutotolesha, na vumbi la manyoya likishika unyevu linapitisha umeme. Kuna mtu ataingiza mkono kugeuza mayai.

#60 Luthuli_Solder
Hapo hatubishani. Na njia za 230 V zifanye fupi: terminali ibusu rilei.

#61 Igoma_Vifaranga
Nimefanya. Picha imekubali leo, hii hapa. Eneo la 230 V lote kulia, mpasuko umo, pembeni kuna tundu la skrubu ya M3.

#62 KoiliMbili
Nimeikuza. Kiduara cha LM2596 kizuri, pini 4 imepita njia nzuri. Ila hilo tundu la skrubu la juu kulia, katikati yake iko mm 4 kutoka ukingo wa njia ya balbu. Washa ya M3 ina kipenyo cha mm 7. Toa 3.5, unabaki na nusu milimita kati ya chuma na 230 V, na boksi lako kama ni la bati skrubu hiyo inaligusa. Sogeza tundu au weka skrubu ya plastiki.

#63 Igoma_Vifaranga
Boksi ni la bati. Nasogeza tundu. Bi Ohm, hiyo mm 6 naipima kutoka kwenye tundu au kutoka kwenye washa?

#64 Bi_Ohm
Kutoka kwenye washa. Na boksi la bati lipe waya wa ethi, skrubu yake peke yake, usiitumie hiyo ya bodi.